Kulipiwa Kahawa kwa Huruma

Leo asubuhi barazani, hapa Ngamiani, nimelipiwa kahawa na mtu ambaye tangu nimfahamu hajapata kumlipia hata shemeji yake, na alipokwisha kulipa akanigusa bega akasema, "Subira, ndugu yangu, yatapita." Nikamuuliza ni yapi hayo yatakayopita. Akatazama pembeni, na wenzake nao wakainama kila mmoja akichungulia masimbi ya kikombe chake, nikafahamu kwamba habari za bwawani zimekwisha kufika mjini.

Nakiri kwamba Jumapili nilikwenda kuvua. Sikwenda baharini, kama ilivyo ada ya mtu wa Tanga mwenye akili zake, bali nilikwenda njia ya Muheza, kwenye bwawa la zamani la shamba la mkonge, ambalo kina chake hakifiki kiunoni na magugu yake yameyazidi maji. Bwawa la Mabayani sikuthubutu, kwa kuwa maji yale ndiyo yatokayo mabombani kwetu, yakitoka.

Chanzo ni mpwa wangu wa Dar es Salaam, aliyeniletea ufito wa kuvulia wenye gurudumu pamoja na chura wa plastiki, baada ya kutazama katika simu jinsi Wamarekani wanavyomvua samaki wao aitwaye basi katika mabwawa ya magugu wakati wa joto. Jua likiwaka, alisema, samaki huyo hujificha chini ya majani, hula alfajiri na magharibi, na humrukia chura anayepita juu yake. Ndiyo maana chura wa bandia ndoano zake mbili zimelalia mgongoni, apate kuteleza juu ya magugu bila kunasa. Asichokieleza mpwa ni kwamba kiangazi chao ni Juni hadi Agosti, wakati sisi tunajifunika shuka kwa upepo wa kusi, na kwamba basi wa jirani yetu yuko Naivasha, Kenya, alikopandikizwa miaka ya 1920. Bwawani kwetu kuna perege na kambare, na perege chakula chake kikubwa ni mwani na majani. Kumtupia chura ni sawa na kumwandalia mbuzi pweza.

Nilimtupa chura yule saa nzima, nikavua yungiyungi tatu na kofia yangu mwenyewe. Hatimaye nikamfungua, nikafunga ndoano ndogo, chubwi na boya la kizibo, nikachomeka mnyoo kama alivyonifundisha marehemu baba, nikakunja suruali na kuingia majini hadi magotini, mbele ya upenyo wa maji usiozidi ukubwa wa mkeka wa kuswalia. Boya likatikisika. Perege hamezi kwa pupa. Hudona, huacha, hudona tena, na boya huchezacheza kama kidole cha mtu anayevuta tasbihi. Likalala ubavu. Nikabana pumzi.

"Hodi humo!"

Alikuwa bi kizee mwenye mzigo wa kuni kichwani, na mtu aliyelelewa pwani hawezi kumpa bi kizee kisogo. Nikaubana ufito kwapani, nikavua kofia iliyokuwa ikichuruzika, nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akauliza hali yangu, ya nyumbani, ya watoto na ya mama. Nikamwambia mama ametangulia, naye akatua kuni chini ili anipe pole kwa ukamilifu. Nyuma yangu maji yakalia chubwi, na sikuhitaji kugeuka kujua kilichoondoka na mnyoo wangu.

"Sasa, mwanangu, umepotelewa na nini humo matopeni?"

"Sijapotelewa, mama. Ninavua."

Akanitazama miguu, akaitazama saa yangu ya mkononi, akairudia miguu. "Kazini wamekuachisha?"

"Nimestaafu, mama, kwa heshima zote, na pensheni ninapata. Hii ni burudani. Huko Marekani watu wazima wenye magari yao huvua basi..."

"Basi hupita kule juu barabarani, baba. Huku halifiki."

Nikaeleza kwamba basi ni samaki, na kwamba wenyewe humvua, humpima, hupiga naye picha, kisha humrudisha majini akiwa hai. Hapo ndipo nilipojiharibia.

"Humrudisha? Ana sumu?"

"Hana, mama. Inasemekana ni mtamu."

"Basi mbona..."

Basi hiyo ilikuwa ya kawaida, lakini nilikwisha kuchanganyikiwa, nikamjibu tena habari za samaki. Bi kizee akaacha kunisikiliza. Akafungua fundo la pindo la kanga yake, akatoa noti ya shilingi 2,000 iliyokunjwa hadi ikawa kama ukucha, akaitia katika kiganja changu chenye tope. "Ukanunue dagaa. Usione haya." Nikakataa, akakasirika, nikapokea, akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina mikono ikiwa juu, huku ufito ukivutwa polepole kutoka kwapani. Kisha nikamtwika kuni zake.

Wengine siwahesabu: mchungaji aliyeingiza ng'ombe mahali hasa nilipolenga, na kijana wa bodaboda aliyeuliza natoza kiasi gani kusafisha bwawa. Nilipata perege mmoja, mwembamba kama kitana. Nilitaka kumrudisha kwa utaratibu wa Kimarekani, lakini bi kizee alikuwa bado anageukageuka njiani kunitazama, nikamtia mfukoni. Mke wangu alimkaanga bila kusema neno, na ningependelea aseme.

Jana mpwa ananiambia kwa simu, akicheka, kwamba George Perry, aliyevua basi wa kilo 10 huko Georgia mwaka 1932, rekodi inayotajwa hadi leo, hakumrudisha popote: alimpeleka nyumbani, wakamla. Kwa nini habari ya maana kiasi hicho hainifikii nikiwa bado majini?

Noti ya bi kizee ninayo, na nimekusudia kuirudisha. Anakokaa sikujui, najua tu kwamba hupita bwawani na kuni, kwa hiyo sharti nimngojee ukingoni, na mtu mzima hawezi kukaa ukingoni mikono mitupu asitiliwe shaka. Nitachukua ufito. Minyoo nimekwisha kuichimba nyuma ya bafu, penye unyevu, ingawa jirani alichungulia juu ya ua akaniuliza, kwa sauti ya upole nisiyoipenda hata kidogo, kama leo tumekula.