Karatasi ya hakimu haina safu ya rangi

Kila mwaka ikikaribia Februari, wafugaji wa njiwa rola hapa Midlands, Uingereza, huanza kuoanisha jozi zao, na simu yangu hupokea swali lile lile kwa sura mbili: una rangi gani, na ni damu ya nani? Wanaouliza ni majirani zangu wa huku. Siku hizi wamo pia vijana wa Mombasa na Dar, waliokwisha kuona video za kundi likibiringika angani na sasa wanatafuta jozi ya kuanzia. Ni nadra mtu kuniuliza ndege wenyewe wanarukaje.

Msimamo wangu utawaudhi baadhi ya wenzangu, lakini potelea mbali: rangi na jina la ukoo ni njia za mkato za mtu asiyetaka kukaa uani jioni, shingo juu, akawaangalia ndege wake. Na nikilazimishwa kuchagua kimoja kati ya hivyo viwili, nachagua rangi. Rangi angalau haijui kusema uongo.

Kwa asiyemfahamu, rola, kwa jina kamili Birmingham Roller, ni njiwa mdogo, kifua kipana, mwepesi mkononi, aliyelelewa na kuchaguliwa na watu wa kawaida wa Birmingham na miji ya viwanda na migodi inayoizunguka. Anaruka na kundi lake, halafu ghafla anajitupa kinyumenyume na kubiringika kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuhesabu mizunguko. Akiwa mzuri kweli, ukimtazama kwa ubavu unaona duara lenye tundu katikati, hakuna bawa wala mkia unaotokeza. Anashuka futi 10, 20, 30, anakata mzunguko kwa mkupuo mmoja, kisha anapiga mbawa moja kwa moja kurudi kundini. Akiwa mbaya, mbawa zinabaki nje, mzunguko unapepesuka, anatoka amepinda upande kama mlevi.

Mashindano yake makubwa, World Cup Fly, hayana ukumbi. Hakimu ndiye anayesafiri, banda kwa banda, nchi kwa nchi. Kundi la ndege wasiozidi 20 linafunguliwa, saa inaanza, na kwa dakika 20 hakimu anahesabu wangapi wamebiringika kwa pamoja. Wakiwa chini ya watano, hakuna alama. Mwishoni anazidisha jumla kwa kiwango cha ubora na kiwango cha kina, yaani umbali wanaoshuka wakibiringika. Hiyo ndiyo karatasi yote. Safu ya rangi haimo, na wala hakuna mahali pa kuandika babu wa njiwa alikuwa nani.

Sasa rangi. Njiwa wote wa kufugwa wana rangi tatu tu za msingi: nyekundu ya majivu, ile nyeusi ya asili tunayoiita buluu, na kahawia. Mengine yote, hata yale yanayouzwa kwa bei ya mbuzi, ni jeni nyingine zilizopakwa juu ya hizo tatu. Darwin, aliyeanza kufuga njiwa mwaka 1855, alichanganya njiwa weupe pe na njiwa weusi tii wa aina nyingine, na mjukuu mmoja akatoka kijivu cha buluu na mistari miwili myeusi bawani, sawasawa na njiwa wa majabalini. Kwa hiyo mtu akikuambia amezalisha rangi "mpya", muulize ameitoa wapi. Mara nyingi ameitoa kwa aina nyingine ya njiwa, na aina hiyo haibiringiki.

Hapo ndipo ugomvi wangu na wapenda rangi ulipo. Kubiringika kunarithiwa kwa kujificha. Watafiti Entrikin na Erway waliliandika hilo mwaka 1972, na kila mfugaji aliyewahi kupandisha rola na njiwa wa kawaida analijua: watoto wa kwanza wanaruka tu kama njiwa wa sokoni. Ukitaka kurudisha mbiringiko inabidi urudi kwa rola tena na tena, vizazi kadhaa, huku ukiwaondoa wengi. Mwenye subira anafika. Mpenda rangi hafiki, kwa sababu kila kizazi anabakiza yule mwenye rangi anayoitaka, hata kama nduguye wa kijivu ndiye aliyeruka vizuri.

Piga hesabu mwenyewe. Sema umepata makinda 40 msimu huu, na katika hao wanne wanastahili kuzaa mwakani. Ukisema pia lazima wawe na rangi fulani inayotokea kwa kinda mmoja kati ya wanne, umebaki na mmoja. Huyo mmoja utampandisha na nani?

Marekani walikwenda njia hii hadi mwisho wake. Walichukua Birmingham Roller, wakamchagulia umbo, macho na rangi kwa ajili ya mezani kwa majaji wa maonyesho, na leo wana aina inayoitwa Show Roller: njiwa mzuri, mnene, anayependeza kizimbani, ambaye hafugwi tena kwa ajili ya kubiringika. Sina neno na wanaompenda. Ila asije mtu akaniuzia huyo kama ndege wa angani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Na lipo jambo baya zaidi kuliko kupoteza muda. Rangi ya lozi, ile yenye michirizi myeusi na ya kahawia juu ya manjano, ndiyo inayoombwa kuliko zote. Jeni yake imekaa kwenye kromosomu ya jinsia. Jike anabeba nakala moja tu. Dume anaweza kubeba mbili iwapo baba na mama wote ni lozi, na dume wa namna hiyo kwa kawaida hutoka karibu mweupe wote, macho yakiwa na kasoro, na wengi hawaishi. Niliwahi kumshika kinda wa hivyo bandani kwa mtu. Jicho lilikuwa limevimba chini ya kope, na alikuwa akigeuza kichwa kutafuta sauti ya mama yake badala ya kumtazama. Mwenye banda alijua kabisa alichokipandisha. Alitaka lozi wengi kwa haraka.

Lakini nimesema rangi haisemi uongo, na hapa namaanisha. Rangi ya msingi anayoivaa jike anaipata kwa baba yake peke yake, kwa kuwa nayo imekaa kwenye kromosomu ile ile ya jinsia, na mama hana hiyo ya kumpa binti. Pandisha dume wa buluu na jike mwekundu wa majivu: wana wote wa kiume watakuwa wekundu, mabinti wote buluu. Unawajua jinsia tangu wakiwa kiotani. Ukimwona binti wa kahawia chini ya wazazi wawili wa buluu, umeshajua baba anabeba kahawia. Na ukikuta kinda mwekundu wa majivu kwenye kiota cha buluu na buluu, funga daftari, kwa kuwa wekundu huo hauwezi kujificha ndani ya njiwa wa buluu. Ama jike alitoka nje ya ndoa, ama mayai yalihamishwa, ama cheti cha ukoo kiliandikwa na mtu mwenye kalamu kuliko njiwa.

Nimeona vyeti vizuri sana vikianguka kwa kinda mmoja mwekundu.

Hii inanileta kwenye damu. Jina linalotajwa kuliko yote ni William Pensom, mtu wa Birmingham aliyepeleka njiwa Marekani tangu miaka ya 1930, baadaye akahamia California mwenyewe, akafariki mwaka 1968. Alikuwa fundi kweli, sibishi. Ila njiwa huzaa akiwa na mwaka mmoja. Tangu Pensom afariki vimepita vizazi vingi vya njiwa, na kila kizazi kimechaguliwa na mikono mingine, wengine hodari, wengine hovyo. Ukipandisha nje ya ukoo kila kizazi, baada ya vizazi vitano yule babu amebaki na sehemu 1 kati ya 32, kama asilimia 3. Ukifunga ukoo ndani kwa ndani, jeni zinabaki nyingi zaidi, lakini zipi zimebaki anaamua mwenye banda. Gawa familia moja kwa wafugaji wawili, warudie baada ya miaka kumi, utakuta familia mbili.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mtoto wa bingwa wa njiwa ni njiwa.

Na hao wanaosema "damu safi" kwa kifua mbele, nawapenda kwa utani wangu mmoja. Wengi wao huthamini sana njiwa wa drafti, yule mwenye bawa lililojaa vijiraba vyeusi, wakiamini ndiyo sura ya rola halisi wa zamani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walionyesha kwamba mchoro ule wa drafti uliingia kwa njiwa wa kufugwa kutoka kwa njiwa mwitu wa Afrika, yule wa madoa meupe bawani na duara jekundu kuzunguka jicho, anayeonekana hadi mapaani Nairobi. Basi mzee wa Dudley, mji jirani na Birmingham, mwenye damu safi ya Birmingham anafuga shombe la Kiafrika. Nilimweleza mmoja wao. Alicheka, kisha akanitaka niondoe kikombe changu juu ya boksi la ndege.

Sisemi ukoo hauna maana. Banda langu lote ni familia moja iliyobanwa, nusu-ndugu kwa nusu-ndugu, na nikileta ndege wa nje nampa jozi moja pembeni nimwangalie kwanza. Ndani ya familia unazijua tabia: huyu wa mstari ule huchelewa kuanza lakini akianza hakati mapema, yule huanza akiwa kinda wa miezi michache na mara nyingi huishia kubiringika hadi ardhini. Huyo wa mwisho hazai kwangu, hata avae dhahabu. Ndege anayeshindwa kukata mzunguko hufa kwenye paa la jirani, na mfugaji anayeendelea kumzalisha kwa kuwa ana jina au ana rangi anafanya ukatili, tuliite kwa jina lake. Wenzangu huwalaumu zaidi kozi, wale ndege wawindaji. Kweli kozi wanatuumiza, hasa majira ya baridi, ila kozi hachagui jozi bandani kwako.

Mwezi uliopita kijana wa Tanga aliniandikia akitaka jozi ya lozi, dume na jike, nimwekee mpaka atakapopata vibali vya mifugo. Nikamweleza habari ya macho. Nikamwambia ninaye dume wa kijivu, mistari miwili, sura ya njiwa wa msikitini, anayebiringika futi 20 na kukata safi, na dada zake wawili wanaruka vile vile. Akakaa kimya siku mbili. Kisha ukaja ujumbe: "Shikamoo mzee wangu. Sawa, nimekubali huyo wa kijivu. Ila cheti chake cha ukoo anacho?"

Nikamtumia video ya kundi, dakika 20 bila kukatwa, nikamwambia amtafute humo mwenyewe.