Balkoni Imependeza, Mimi Nakaa Wapi?

Mtu akikuambia balkoni yako haina matumizi, mwombe alihamishe yeye pipa la maji kutoka hapo balkoni mpaka sebuleni. Ndipo mtaelewana.

Balkoni yetu ina mita tatu kwa mita moja na kidogo, ghorofa ya nne, Kariakoo, imeitazama magharibi. Mpaka mwaka jana ndiyo iliyokuwa na kazi nyingi kuliko vyumba vyote vya nyumba hii, na kuliko baadhi ya watu ninaofanya nao kazi. Palikuwa na mapipa mawili tuliyonunua kwenye ule mgao wa maji wa 2022, mto Ruvu ulipopungua, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuyaondoa. Palikuwa na gunia la mkaa na jiko lake, mtungi wa gesi ulioisha, kamba za nguo, kreti la chupa tupu za soda, feni inayosubiri fundi, godoro la wageni, kinu, mchi, kibao cha mbuzi, na Sikukuu moja mbuzi mwenyewe alilala pale akisubiri asubuhi yake. Mlango ulikuwa unafunguka nusu. Ukitaka kutoka, unatoka ubavu ubavu. Lakini kila mtu alijua chake kiko wapi.

Akaja shemeji, mdogo wake mama watoto. Alikuja mjini kutafuta kazi, na kazi aliyoipata ni ya kuikosoa nyumba yetu.

"Shem, sehemu nzuri hivi mnawapa mapipa wakae?"

Akafungua simu. Picha ya kwanza, balkoni ya Stockholm: zulia, mito meupe, taa ndogo ndogo zimetundikwa kama kuna maulidi, na mzungu amejifunika blanketi anakunywa kahawa. Nikamwambia shemeji, hebu itazame vizuri hiyo picha, huyo mtu ana blanketi! Kwao jua likitoka watu wanaacha shughuli wanakwenda kulilalia kwenye majani. Sisi hapa, Februari, saa tisa alasiri, kwenye balkoni ya magharibi, chuma cha ukingo unaweza kukipigia chapati.

"Shem bwana, ni mtazamo tu."

Ndiyo hicho ninachokisema! Mtazamo wenyewe ni wa magharibi!

Mama watoto akaweka kikombe chini taratibu. "Baba watoto, hata sisi tunastahili mahali pa kupunga upepo." Hapo nikajua nimekwisha. Mke wangu akishatumia neno kustahili, ujue hela ilishatoka, mimi naletewa taarifa.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: vitu vinakwenda wapi? Kwenye picha za Stockholm huoni gunia la mkaa. Huoni kinu. Wale watu sijui kisamvu wanakitwangia wapi. Basi vikaingia ndani, kimoja baada ya kingine, huku shemeji akielekeza kwa kidole chenye kucha za kubandika, ambacho kwa hali yake hakiwezi kubeba. Pipa moja limesimama pembeni ya televisheni, limevishwa kitambaa cha kudarizi na kuwekewa maua ya plastiki juu, eti ni meza. Godoro liko nyuma ya mlango, kwa hiyo mlango unaofunguka nusu siku hizi ni huo. Gunia la mkaa likapelekwa nyuma ya kochi, na mjumbe alipokuja kuandikisha watu akakaa upande ule na kanzu nyeupe, akaondoka na kanzu ya mistari. Kinu kipo chumbani kwangu upande ninaoshukia kitandani. Usiku umeme ukikatika, kidole gumba cha mguu ndicho kinachonionyesha kilipo.

Hesabu yake ni hii: tumeigeuza balkoni kuwa sebule, na sebule tumeigeuza balkoni. Kodi ni ile ile.

Akaitwa fundi wa benchi. Siku hizi fundi wa mjini hakutengenezei kitu kwa mbao, anakutengenezea kwa mapaleti, yale yanayobeba mizigo bandarini. Sikatai, mbao ni imara na bei yake unaifikia. Lakini nilishasoma kwamba paleti zinazosafiri kimataifa hugongwa muhuri: HT maana yake imepitishwa kwenye joto kuua wadudu, na MB imefukizwa methili bromidi, ambayo ni sumu. Nikamwuliza fundi, hizi zako ni zipi?

Akainama, akasoma. "HT, mzee. Haina Tatizo."

"Na ile pale yenye MB?"

"Mbao Bora."

Ile ya MB nikaikataa, akaondoka nayo akinisikitikia. Benchi likaisha. Shemeji akaligandamiza kwenye ukingo, kwa sababu kwenye picha ndivyo lilivyokaa. Nikasema hapana. Ukingo wetu unanifika kifuani, sawa, lakini mtoto wetu wa mwisho akishapanda juu ya benchi anaweza kuuparamia, na chini ni ghorofa nne mpaka kwenye mabegi ya mmachinga. Benchi linakaa ukutani na hakuna stuli wala kreti karibu na ukingo. Wakalihamisha huku wamenuna. Hapo nilikuwa na haki kabisa, na hakuna aliyesema, "Baba, umetuokoa." Waliniambia nimeharibu mpangilio.

Kisha bustani. Jamani, udongo! Nimezaliwa kijijini, nimekua nikichapwa kwa kukwepa kulima, nimeukimbia udongo nimekuja mjini, halafu leo naununua kwa viroba na kuulipia nauli upande ghorofani. Nilijaribu kujificha nyuma ya uhandisi. Nikawaeleza kwamba balkoni haina nguzo chini yake, imeshikwa na nondo zinazopita sehemu ya juu ya zege na kuingia ndani ya jengo, na kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 500 ni nusu tani, na udongo ukilowa una uzito wake. Mama watoto akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo tangi tusiweke. Udongo utakuwa wa ndoo sita tu." Uhandisi wangu ukawa umewasaidia kupanga.

Lifti yetu ina tangazo la matengenezo ambalo karatasi yake imeshageuka rangi. Nikatafuta kijana wa kubeba.

"Mzee, udongo ni buku kila ghorofa."

"Hata ya chini?"

"Ya chini ndiyo naanza kuchoka."

Shemeji akaenda kwa wauza miche wa barabara ya Bagamoyo akarudi na maua yenye majina ambayo hata muuzaji aliyatamka akiangalia pembeni. Jua la saa tisa likayapokea. Mpaka jioni yalikuwa yameinamisha vichwa, na kufikia Ijumaa tulibaki na vyungu. Ndipo ikanunuliwa neti ya kivuli, ile nyeusi ya wakulima, ikafungwa upande wa jua. Sasa mzungu wa Stockholm anaangalia mji wake, sisi tunaangalia neti. Kilichokubali ni vitu vya kwetu: mchaichai, mshubiri ambao hata ukiusahau hausemi, mnanaa kwenye kivuli, na mchicha kwenye ndoo zilizotobolewa chini. Mchicha nauheshimu. Wiki tatu, nne, unachuma. Tulichuma, tukapika, ukanywea ukawa vijiko viwili vya kila mtu. Fungu sokoni ni jero. Sikutaka kuwaharibia watu chakula, lakini nilipiga hesabu ya viroba, ndoo, neti na kijana wa ngazi, nikamwambia mtoto asibakize.

Na mchicha unakunywa maji asubuhi na jioni. Maji yanapita kwenye matobo, yanapita kwenye sakafu, yanakwenda kwa jirani wa ghorofa ya tatu aliyeanika mashati meupe ya kazini. Akapanda ngazi, ameshika shati kwa vidole viwili.

"Jirani, habari za shamba?"

Tukaweka visahani chini ya ndoo. Visahani vikashika maji. Mama watoto akakumbuka homa ya dengi ya 2019, kwamba yule mbu anauma mchana na anazalia kwenye maji safi yaliyotuama, hata ya kisahani cha ua. Kwa hiyo visahani vikajazwa mchanga, maji yasisimame. Na mchanga nao unatoka chini. Buku kila ghorofa.

Sijafika kwa kunguru. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu, ni wa India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasaidie kula takataka. Aliyewaleta hakuwaeleza vizuri. Takataka za Kariakoo zipo, tena nyingi, wao wanapanda ghorofa ya nne kufuata sabuni ya kipande. Zamani walikuwa wanaiba sponji na kijiko, tunazomea, wanaondoka. Tulipoweka taa za maulidi ikawa neema. Kunguru anapenda waya wa kujengea. Alikuja mmoja akavuta, akaja wa pili akashika upande mwingine, wakaikata katikati huku mimi nagonga dirisha. Juu ya jengo la jirani kuna kiota ambacho kikiunganishiwa umeme tu kinawaka.

Mama watoto anaita pale mahali pa utulivu. Utulivu Kariakoo! Chini yetu kuna spika ya mmachinga iliyorekodiwa mara moja tu na inarudia tangu saa mbili asubuhi: "Kila kitu buku mbili, buku mbili, chagua mwenyewe, buku mbili." Nimekunywa chai pale siku moja. Niliporudi ndani mke akaniuliza aniongezee sukari ngapi, nikamjibu buku mbili.

Nguo nazo zina mgogoro wake. Kamba ziliondolewa kwa sababu zinakata mandhari. Watu sita tunavaa, mandhari haivaliki. Sasa nguo zinaanikwa usiku kwa siri na kuanuliwa alfajiri kabla ya shemeji kupiga picha, na kipindi cha masika zinakauka kwa kudra tu. Kuna wiki nimekwenda kazini na soksi mbichi ili nyuma ya mchaichai pasionekane soksi.

Na baada ya yote hayo, mimi sikai pale! Mito ni meupe. Nikitoka kazini naambiwa kwanza nioge, nikishaoga naambiwa mafuta yatashika kwenye mto, nikikausha mafuta nakuta mama mkwe ameshalala kwenye benchi, na mama mkwe haamshwi. Nikabuni kibao cha kukunja cha kufunga kwenye ukingo, unakifungua unaweka kikombe, ukimaliza unakishusha. Ndicho kitu pekee pale ambacho hakikutoka kwenye simu, na ndicho wageni wanachokisifia. Shemeji anawaambia ni wazo lake.

Picha anazirusha kila siku kwenye status, na kwenye orodha ya watu wanaoziona, nani unadhani alikuwa wa kwanza? Mwenye nyumba. Bwana huyu nikimwandikia kuhusu lifti, ujumbe haumfikii. Kuhusu bomba la jikoni, yuko msibani. Safari hii alijibu bila kuulizwa: "Hongereni sana, nyumba yangu imependeza. Mkataba ukiisha tukae tuzungumze."

Sikulala vizuri. Jumamosi mchana niko sebuleni, kati ya pipa na gunia, nakula ugali, mlango ukagongwa. Dalali. Nyuma yake bwana na bibi waliovaa vizuri, wameshalipa hela yao ya kuoneshwa nyumba. Nikasema nyumba hii ina watu. Dalali akaniambia, "Endelea tu kula, mzee, hatukai," akawapitisha mbele yangu mpaka balkoni.

"Hii ndiyo ile niliyowaambia. Yenye bustani."

Bibi yule akakaa kwenye mto mweupe! Moja kwa moja, na gauni la barabarani, na mama watoto hakusema neno, akatabasamu akauliza kama watatumia chai ya mchaichai. Wakachuma wenyewe. Wakauliza kama ndoo za mchicha zinabaki na nyumba. Shemeji akawaeleza kuhusu neti ya kivuli kana kwamba analipwa kamisheni, na kwa jinsi dalali alivyomkonyeza, sina uhakika kwamba halipwi.

Wakati wa kutoka bwana yule akasimama, akatazama kochi, gunia, godoro nyuma ya mlango, pipa lenye maua.

"Na hapa je?"

"Hapa ni stoo," dalali akasema.

"Na huyu mzee?"

"Huyo anamalizia mkataba."