Sitachangia paneli, nitachangia vigae na betri

"Tumsifu Yesu Kristo." Ujumbe wa sauti wa Baba Paroko huanza hivyo kila mara, nami huitikia milele amina peke yangu jikoni, halafu natafuta kiti, maana najua kinachofuata ni mchango. Safari hii ni paneli 12 za sola, zipande juu ya kanisa letu kule misheni, nje ya mji wa Tabora. Kundi la WhatsApp la wanaparokia tulio nje limeshachangamka. Wa Oman kaahidi paneli mbili, wa Dar (sijui Dar imekuwa nje lini) kaahidi moja. Mimi nina siku nne sijaandika kitu, na watu wameanza kuuliza kama Ulaya imenifanya bahili.

Huu ni mwaka wangu wa 11 England, natunza wazee. Kanisa Katoliki la karibu liko mbali na Jumapili basi halipiti, kwa hiyo nasali na Waanglikana wa hapa kijijini. Mama anajua, hajapenda. Kanisa lao ni la mawe, limepita miaka 600, na Jumapili tukijaa sana tunafika 25. Nao walitaka sola. Mwaka 2020 sinodi, yaani baraza kuu, ya Kanisa la England, ambalo ndilo la hawa Waanglikana, iliazimia kwamba ifikapo 2030 Kanisa liwe limefuta mchango wake wa hewa ukaa, na tangu hapo parokia nyingi zinatazama mapaa yao kwa jicho jingine.

Nilidhani fundi atakuja Jumamosi na ngazi. Kumbe huku paa la kanisa lina hakimu wake. Kila dayosisi ina mahakama, na bila kibali chake huruhusiwi kubadilisha kitu kama hicho. Kabla ya kumfikia hakimu kuna kamati ya washauri wa dayosisi, kuna msanifu majengo anayekagua kanisa kila baada ya miaka mitano, halafu kuna mtaalamu wa popo. Si utani. Popo wanalindwa na sheria, na wakiwa wamelala darini, binadamu anasubiri. Ilichukua miaka miwili na ushee. Vikao nilivyohudhuria nilikuwa nakunywa chai na kucheka kimoyomoyo: watu hawa jua lenyewe hawana!

Na kweli hawana. Paneli za kilowati moja zikitoa uniti 1,000 kwa mwaka mzima huku, mwenye nazo anashukuru. Tabora zilezile zinapita 1,500 bila jasho. Isitoshe, wanachohitaji zaidi ni joto la Januari, mwezi ambao jua linazama saa kumi jioni, na kanisa lenyewe siku za wiki limefungwa. Umeme mwingi wa kiangazi unauzwa kwenye gridi kwa senti chache. Hesabu ya fedha ilikuwa nyembamba. Pengo lilizibwa na ruzuku, keki, na wazee waliolipia paneli moja moja kwa kumbukumbu ya marehemu wao.

Lakini siku ya kufunga nilikwenda kutazama, na kicheko kikaniisha. Paa ni la mabamba ya madini ya risasi. Hakuna msumari hata mmoja uliotoboa. Fremu zilishikizwa kwenye mikunjo ya mabamba, upande wa kusini, nyuma ya ukuta mfupi wa ukingo, hata ukisimama makaburini huzioni. Cambridge, kwenye kanisa la King's College, walipandisha paneli 438 mwaka 2023 juu ya jengo ambalo mawe yake yalikamilika 1515. Palikuwa na ubishi mkubwa, hata taasisi ya serikali ya kulinda majengo ya kale ilipinga. Ila kazi hiyo waliifanya wakati risasi ya paa inatengenezwa. Paa kwanza, paneli baadaye.

Sasa turudi kwetu, kwenye paneli zile nane tulizozichangia miaka ya nyuma, ambazo kwenye kundi hakuna anayezitaja.

Kanisa letu ni la Mapadri Weupe, wale wamisionari Wakatoliki. Hao waliingia Tabora mwaka 1878, na la kwetu walilijenga baadaye: matofali ya kuchoma, kenchi za mninga, na juu vigae walivyovichoma wenyewe kwenye tanuru. Fundi wetu alikuja asubuhi, saa kumi jioni kashamaliza. Alitoboa vigae kwa drili akapitisha boliti hadi kwenye mninga. Vilivyopasuka aliviziba kwa saruji. Mvua za Novemba zilipofika maji yakafuata boliti, na mchwa wakafuata maji. Upande wa mashariki paneli mbili aliziweka chini ya mwembe, na alikuwa ameziunga zote mfululizo, kwa hiyo kivuli kikiangukia moja, zote zinalegea. Mwembe usiguswe, tafadhali. Umewazidi umri wengi tuliobatizwa pale.

Ila nisiwaseme vibaya tu, maana mwaka ule wa kwanza ulikuwa mtamu. Kwaya ilifanya mazoezi hadi saa tatu usiku. Vijana wa kidato cha nne walikuja kusoma kanisani, madaftari juu ya mabenchi, na paroko wa wakati ule akawa anazima taa saa nne kama baba mwenye nyumba. Kanisa la huku halitatumika hivyo hata likipewa jua la bure. Paneli zetu zilifanya kazi kwa wiki moja kuliko za Waanglikana kwa mwezi.

Halafu betri zikafa. Duka lilituuzia betri za lori zikiwa zimebandikwa maneno ya sola. Betri ya lori imeumbwa kuwasha injini mara moja ipumzike. Sisi tuliinyonya kila usiku hadi tone la mwisho: spika za kwaya, simu za kijiji kizima, na friji la soda la akina mama. Haikumaliza miezi kumi. Pesa za nyingine hazikuwapo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuchangisha betri. Nani atapigwa picha na betri?

Wapo wanaosema nguzo za umeme zimefika, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kwanza) ipo, sola ya nini. Sawa, lakini umeme ukikatika katikati ya mkesha wa Pasaka watanielewa.

Kwa hiyo jana nimemjibu Baba Paroko. Paneli zile nane bado nzima, zioshwe vumbi la kiangazi na majivu ya moto wa porini, zishushwe, zisimikwe kwenye nguzo uwanjani mbali na mwembe, zikielekezwa kaskazini kidogo. Mimi nitaleta betri za lithiamu, kwa sharti moja: mnada wa baada ya misa, jogoo mmoja na debe moja la michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kila mwezi, pesa yake iwekwe kwa ajili ya betri zijazo na isiguswe hata askofu akija. Na nimetuma pesa za vigae 40.

Amejibu usiku huohuo. "Mwanangu, vigae hivi hakuna anayechoma tena." Kama kuna mtu upande wa Tabora anayemjua mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye matanuru ya misheni, naomba aniandikie.