Safari ya Lamu haiishii uwanjani

Mwandishi mmoja ameandika kuwa Nairobi hadi Lamu ni "saa moja na kidogo" kwa ndege. Kwa angani ni kweli: ukipima moja kwa moja ni kama kilomita 460, na Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja inayokwenda kama kilomita 340 kwa saa, huchukua saa moja na dakika ishirini hivi. Dash 8, ndege kubwa zaidi, huwahi zaidi. Lakini ikipitia Malindi, njia inakuwa kama kilomita 550, na bado kuna kushusha na kupakia.

Tena ndege haitui Amu, yaani Lamu mjini, inatua Manda, kisiwa cha ng'ambo. Mzigo wako unaufuata hadi gatini, unapanda boti, unavuka mkondo. Mwaka jana nilimleta mama yangu kutoka matibabuni, goti halikunji. Kumshusha kwenye boti maji yakiwa yamekupwa kulinitoa jasho kuliko safari yote. Mabaharia walimbeba kwa heshima, Mungu awalipe.

Basi naomba wanaotangaza saa za safari wahesabu na maji. Mgonjwa na mzee hawafiki pale ndege inapotua, wanafika wakikanyaga gati ya Amu.