Mjumbe Halali na Risiti ya Bodaboda

Mhasibu wa mkutano mkuu wa kanisa letu amenirudishia fomu ya nauli kwa mara nyingine, safari hii akiwa amezungushia kalamu nyekundu mahali nilipoandika "bodaboda, shilingi 3,000". Tiketi ya basi kutoka Korogwe hadi Arusha hakuigusa, kwa kuwa siku hizi tiketi hutoka kwenye mashine na huwa na namba za kumridhisha hata mkaguzi mwenye roho ngumu. Kikwazo ni zile 3,000 za kutoka stendi hadi ukumbini.

"Shikamoo baba," aliniamkia siku ya kwanza, kwa adabu iliyonitia wasiwasi papo hapo. "Hapa nitahitaji risiti ya EFD."

Nilimweleza, kwa utulivu unaomfaa mjumbe mwenye barua ya usharika iliyogongwa muhuri, kwamba mashine hizo za kielektroniki za kutoa risiti za kodi zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na kwamba tangu wakati huo sijaona hata moja iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki. Kijana alitabasamu, akasema yeye ananielewa kabisa, ila mkaguzi hatanielewa. Kwa hiyo nilete angalau karatasi yenye jina la dereva, namba ya pikipiki, namba ya simu na sahihi. Ni nani basi anayesoma namba ya pikipiki akiwa amepakata begi, na baridi ya Julai inampenya hadi kwenye meno?

Ilinilazimu kukodi bodaboda nyingine, ambayo nayo haina risiti, inirudishe stendi kumtafuta yule wa kwanza. Nilimkuta kijiweni, nikamtambua kwa koti lake la mvua la njano, nikamkabidhi karatasi niliyoiandika kwa mwandiko wangu bora. Wenzake wakasogea, na mmoja wao akaisoma kwa sauti: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nakiri kupokea..." Hilo neno "nakiri" ndilo lililoharibu kila kitu.

"Usisaini, hiyo ni ya mkopo," akasema chalii mmoja.

Mwingine akasema si mkopo, ni kodi, na kwamba siku hizi wanatumwa wazee wenye sura za upole ili watu wasishtuke. Nikaona sasa heshima ya kanisa iko hatarini, nikanyanyua kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwangu. Waliokichapa walikuwa wameandika MJUMBE kwa herufi kubwa, na jina la kanisa kwa herufi ambazo labda sisimizi ndiye angeweza kuzisoma.

"Mjumbe wa nyumba kumi?" akauliza dereva wangu. "Wa mtaa gani, mzee? Maana wetu tunamfahamu."

Nilianza kuwaeleza tofauti ya mjumbe wa nyumba kumi na mjumbe wa mkutano mkuu, jinsi mmoja anavyoshughulika na ugomvi wa majirani na mwingine anavyopitisha maazimio ya kitaifa, na nilipofika kwenye maazimio niligundua kwamba wote walikuwa wanamhurumia yule wa pili. Hatimaye mwenyekiti wa kijiwe alitoa uamuzi: dereva asaini, lakini sahihi ni kazi, na kazi ina ujira, nao ni shilingi 2,000. Nikalipa. Dereva akaandika "Chuma", akapiga mstari chini yake kwa madaha, akanirudishia kalamu.

Leo mhasibu ameitazama karatasi hiyo kwa muda mrefu. "Baba," akaniuliza, "Chuma ni nani kwa majina matatu?"

Hebu tufanye hesabu ya darasa la tatu. Nauli ya awali ni 3,000, ya kwenda stendi 3,000, ya kurudi 3,000, na sahihi 2,000. Nimetumia 11,000 kudai 3,000, ambazo zikikubaliwa zitatumwa kwa simu na kukatwa makato ya kutolea!

Mengine nayapita upesi. Siku nzima ya kwanza tulitambulishana jimbo kwa jimbo, tukisimama na kupunga mkono, na waliochelewa walipofika baada ya chai tukaanza upya ili wasijisikie vibaya. Chumbani mwenzangu huamka saa tisa usiku kuomba kwa sauti, na Mungu anisamehe, lakini naamini anasikika hata akinong'ona. Kisha tukajadili asubuhi nzima iwapo koma katika ibara moja ya katiba ibaki au iondoke, tukaunda kamati.

Ninayasema haya katika mji uleule ambako, kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa ikatoka na Azimio la Arusha. Siku nne, na uchumi wa nchi ukageuzwa! Azimio hilo lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili. Bahati nzuri halikutaja posho mbili, la sivyo meza kuu yetu ingebaki na maua na chupa za maji tu.

Mimi nilitumwa na usharika wangu jambo moja: kuuliza kwa nini sehemu ya sadaka tunayopeleka juu inaongezeka wakati paa letu linavuja. Swali hilo liliwekwa kwenye Mengineyo. Tulipofika Mengineyo, mwenyekiti akatazama saa, akasema muda si rafiki, akaomba tufunge kwa sala, na sala hiyo ilikuwa ndefu kuliko swali langu, jibu lake na maswali ya nyongeza yote kwa pamoja.

Na kitenge je? Kila mjumbe amekatwa fedha za kitenge cha mkutano chenye nembo, kaulimbiu na mwaka, yaani mkutano ujao hakivaliki. Nimempelekea fundi picha yake kwa simu, naye amejibu kwamba kwa kipimo nilichopewa na mwili nilio nao, nembo itaangukia kwapani, labda niongeze mita moja. Nimeuliza mita moja. Wanauza doti nzima tu.