Tuachieni Baraza

Juzi baada ya Isha nilipita Mkomani, mtaa wetu hapa mji wa kale wa Lamu, nikamkuta shangazi yetu wa viazi vya karai amejibanza kichochoroni, mahali ambapo kila punda akipita na mzigo inambidi asogeze jiko. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona yuko huku.

"Kule wameniambia natia moshi ukutani, mwanangu."

Kule ni baraza, benchi la mawe la nje mlangoni, ya nyumba kongwe iliyogeuzwa ukumbi wa vyakula. Shangazi alikaa pale tangu mimi niko chuoni nasoma juzuu. Mtaa mzima umekula mkononi mwake, viazi jioni, mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Huko ndani sasa kuna majiko sita ya gesi yanayokaanga kutwa, na moshi wake haujamkera mtu.

Sikusema nyumba iachwe ianguke. Boriti zilishaoza, dari limebonyea, na walioichukua wameitengeneza kwa pesa zao. Hilo nawapa, ingawa saruji waliyoipaka juu ya kuta za matumbawe na chokaa itazuia unyevu usitoke, na kuta zitawadai. Wala si kosa jengo la kale kupewa kazi nyingine. Ngome yetu ilikuwa jela tangu 1910 hadi 1984, leo ni makumbusho, na pale uwanja wa Mkunguni mbele yake wazee wanakaa na kuzungumza bila kutakiwa kununua chochote.

Linaloniuma ni baraza. Waliojenga nyumba zile walizipanga kwa daraja. Baraza na daka, ukumbi mdogo wa nje ya mlango, ni za kila mtu: jirani, mpita njia, baharia aliyeshuka jahazini leo na hajulikani kwao. Ukivuka mlango kuna tekani, yaani kiingilio; kisha kiwanda, uwanja usioezekwa; kisha misana, vyumba virefu; na mwisho kabisa ndani, penye zidaka, vishubaka vya ukutani, pa wenye nyumba peke yao. Kila hatua ilikuwa na heshima yake. Sasa nyumba imepinduliwa. Ndani, ambako hata rafiki wa baba hakufika, anaingia yeyote mwenye pesa, na kwenye zidaka zilizokuwa na sahani za kaure zimepangwa chupa za sosi. Barazani, ambako hakuna aliyewahi kuulizwa anataka nini, wametandika mito na kutundika kibao: wateja tu.

Mji huu haukuingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa mawe matupu. Uliingia kwa sababu watu bado wanaishi ndani yake kwa desturi zao. Ukimwondoa mama barazani umeondoa kilichofanya jiwe lile liwe na maana.

Bei ya biriani siigusi, kila mtu na mfuko wake. Ninachotaka ni kidogo: kibao kishushwe, na jiko moja kati ya yale sita apewe anayepika mtaani kwetu, alipe kodi kwa mauzo ya siku. Nawaomba kwa dhati, na nitakwenda kuwaambia wenyewe ana kwa ana.

Nilinunua viazi vya shilingi hamsini, nikala nimesimama. Shangazi akafuta mikono kwa leso, akanitazama.

"Eti mwanangu, huko ndani mbaazi wanazitia nazi?"

Sikuweza kumjibu. Sijaingia.