Dhamana siyo zawadi
Wenzangu mnashangilia jiji kuomba dhamana ya mkopo HUD (wizara ya nyumba na maendeleo ya miji ya Marekani) kana kwamba Washington inagawa hela. Jamani, deni ni deni. Chini ya Kifungu cha 108 cha sheria ya nyumba na maendeleo ya jamii, jiji hukopa hadi mara tano ya ruzuku yake ya mwaka ya maendeleo ya jamii, na rehani ni ruzuku hiyo hiyo ya miaka ijayo. Mradi ukibuma, HUD wanakata deni juu kwa juu kwenye ruzuku hiyo. Detroit iliitumia njia hii kufufua hoteli ya Book Cadillac iliyofungwa 1984 (imependeza, sikatai). Lakini ruzuku hiyo ndiyo inayokarabati paa za wazee mitaani. Mheshimiwa diwani, mpangaji mkubwa wa mradi akihama mapema na kodi yake ya kulipia deni ikakatika, paa la nani litasubiri?